Uongo Mmoja wa Jumamosi

Anayesema mashine haina tabia hajapata kununiwa na flipa, lile kabati la kuchezea gololi. Umetia sarafu yako, umevuta kijiti cha kurushia, gololi ya chuma imepanda juu na kuanza kugongagonga taa, ti-ti-ti, mwili mzima unakuwasha kwa raha. Unaisukuma mashine kwa nyonga, kidogo tu, ili gololi igeuze njia. Ghafla taa zote zinazimika, ile mikono miwili ya kupigia inalegea kama ya mlevi, na gololi yako inateremka shimoni mbele ya macho yako. Mashine imenuna. Ndivyo walivyosema watu wa kwa Shaabani, mtaa wa Buyenzi, na mtu aliyenuniwa hakusemeshwa mpaka amalize soda yake.

Ilikuwa miaka ile ambapo mji ulikwisha kuitwa Bujumbura, ila wazee wa Buyenzi ulimi ukiteleza bado walisema Usumbura. Wabelgiji wa klabu moja walipofungasha virago baada ya uhuru, waliuza kila kitu kisichoingia kwenye sanduku la safari, na Shaabani akazibeba flipa zao nne kwa mkokoteni hadi dukani kwake. Pombe hakuuza, maana alikuwa mtu wa swala tano. Aliuza chai, sambusa, soda na kelele. Kelele ndizo zilizompatia wateja.

Flipa hizo kila moja ilikuwa na picha kwenye kioo chake, na jina ikalipata humo. Kulikuwa na Malkia, mwenye taji la taa nyekundu, mzuri na mwenye maringo, anayenuna ukimpumulia tu. Kulikuwa na Sarakasi, yenye tembo na wachekeshaji waliopakwa rangi usoni, mashine ya haraka inayokula sarafu kama karanga. Kulikuwa na Treni: gololi ikipenya kwenye handaki lake, filimbi inalia. Na pembeni kabisa, karibu na beseni la kunawia mikono, alikuwepo Bibi. Picha yake ilikuwa imebanduka hadi ikabaki sura ya mwanamke mzee anayecheza dansi, na tabasamu lenyewe limebaki nusu. Kengele yake haikulia, ilikohoa. Watoto wa mtaa walimcheka.

Kila Jumamosi baada ya alasiri walikutana pale watu wanne ambao, kama flipa ingekuwa dini, wangekuwa mashehe wake. Massoudi alikuwa fundi magari, mzaliwa wa Buyenzi, mtu wa sauti kubwa na kucha nyeusi za grisi. Gélase alikuwa karani wa forodha, mvaa tai hata kwenye joto la Februari, Kifaransa kinamtoka hata akipiga chafya. Atumani alikuwa mwoka mikate, mpole, mwenye unga kwenye nyusi, mtu ambaye ukimsahau chumbani hakukumbushi. Wa nne alikuwa Nsimire.

Nsimire aliuza vitenge sokoni. Kwao ni Bukavu. Alivuka mpaka wakati wa vurugu za Kongo akiwa na kifurushi kimoja na ulimi mkali, na ulimi ndio uliomlisha. Siku za kwanza wanaume walimtazama wakijiuliza mwanamke anatafuta nini kwenye flipa. Alipowafunga mmoja mmoja, waliacha kujiuliza. Sasa walimwita yaya, dada mkubwa, na wakamwachia nafasi bila kuambiwa. Alijivunia jambo moja kuliko yote: kwamba hakuna uso wa mtu asioweza kuusoma. Mteja akigusa kitenge, Nsimire alijua kabla yake kama atanunua.

Kwa hiyo mchezo wa Jumamosi ulikuwa mchezo wake. Mmoja anakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, anazipanga mashine zote nne kwa sauti, kuanzia ile aipendayo kuliko zote mpaka ile asiyoitaka hata bure. Anaruhusiwa uongo mmoja, basi: mashine moja anaweza kuing'oa mahali pake moyoni na kuitupa pengine. Wenzake wanamkodolea macho, wanamzunguka, wanamnusa, halafu kila mmoja anakisia mara moja. Akikisiwa sawasawa, anakiri na kuwanunulia wote soda. Asipokisiwa, siri ni mali yake, hakuna wa kumwuliza tena wala yeye haruhusiwi kuitoboa. Siri isiyokisiwa haifumbuliwi. Waliilia sheria hiyo kiapo, na kwa miezi mingi hakuna aliyeivunja.

Jumamosi ninayoisimulia, Massoudi ndiye aliyelivamia kreti kwanza.

"Sikilizeni!" alisema akipiga mapaja. "Ya kwanza, Malkia. Ya pili, Sarakasi. Ya tatu, Treni. Ya mwisho, ile kikohozi pale. Ata munipe bure, siitake."

Nsimire alimzunguka mara moja. Aliziangalia kucha, aliyaangalia masikio, maana masikio ya Massoudi yalikuwa yakijongea akiwa na jambo.

"Umeficha Sarakasi!" alimrukia. "Njo ya kwanza yako, ndiyo yenyewe, usikatae!"

"Apana, yaya! Apana kabisa!" Massoudi alicheka hadi akakaribia kuanguka na kreti lake. Gélase akakisia Treni, akakosa. Atumani akakisia Malkia, akakosa.

Gélase akakaa, akanyoosha tai. "Alors. Sarakasi, Malkia, Treni. Bibi, derrière, nyuma ya bote." Wakamkisia hivi na hivi, wakakosa wote. Karani wa watu akashuka akitabasamu kama aliyepandishwa cheo.

Atumani alipokaa, kreti halikutoa hata mlio. "Ya kwanza, Treni," alisema. "Ya pili, Malkia. Bibi ya tatu, na Sarakasi nyuma, inanizungusha kichwa."

"Treni tena!" Massoudi alipiga kelele. "Kila Jumamosi Treni! Na sababu?"

"Mi sijaona treni na macho yangu. Hapa kwetu haiko. Siku moja nitavuka ziwa niende Kigoma, nipande."

"Hadithi nzuri," alisema Nsimire akitikisa kidole. "Mwongo mwenye hadithi ni mwongo hatari. Umeficha Malkia, Atumani!"

Atumani alitikisa kichwa. Wengine wakakisia, akatikisa kichwa tena. Wakakubaliana kwamba mpole huyu ndiye mgumu kuliko wote, na Nsimire akajiapiza kwamba ipo siku atamnasa.

Kisha akakaa yeye mwenyewe, akaupanga mguu mmoja juu ya mwingine kama bibi harusi. "Malkia. Treni. Sarakasi. Na Bibi wa mwisho, tena mwisho wa mwisho, nyuma yake kuko ukuta." Walimchungulia, walimbishia, walikisia. Hola! Akashuka akiwa na ile furaha ya mwizi aliyepishana na polisi akawasalimia.

Maana Nsimire alimpenda Bibi. Alimpenda tangu siku aliyofika Bujumbura, alipoingia kwa Shaabani kuomba maji, miguu imevimba, hajui mtu, hajui atalala wapi. Mchezaji mmoja alikuwa ameondoka na kuacha gololi moja haijachezwa. Nsimire alivuta kile kijiti bila kujua anavuta nini, gololi ikaruka, Bibi akakohoa na kukohoa, taa zikawaka, na Nsimire akajisikia anacheka. Hakuwa amecheka tangu Bukavu. Baadaye akagundua jambo jingine: Bibi hanuni. Msukume, mtikise, mpige kumbo, yeye anakohoa tu na kuirudisha gololi yako kama mama anayemrudishia mtoto kijiko alichokitupa. Siku ambazo soko lilimwendea vibaya na kicheko cha kuuzia vitenge kimemchosha mashavu, alikuja adhuhuri, wakati Shaabani yuko msikitini na baadaye usingizini, akacheza na Bibi peke yake na kupiga kelele zake zote. Halafu akarudi sokoni akiwa mtu.

Angewezaje kusema hayo mbele ya Massoudi? Wangemcheka mpaka Krismasi. Isitoshe, ilikuwa siri tamu. Nani angekisia? Kukisia kitu lazima kwanza kikupitie akilini, na Bibi hakumpitia mtu akilini. Kwa muda mrefu sasa hakuna hata mmoja wao aliyenunua soda kwa kukisiwa. Kila mmoja alijiona bingwa, na kila mmoja aliwaona wenzake wazito wa akili. Shaabani peke yake ndiye aliyelalamika kwamba mchezo huu wao hauuzi.

Na ndiye Shaabani aliyesimama sasa nyuma ya meza yake, akapiga makofi mawili.

"Bon. Nimesikia," alisema. "Kila wiki nasikia vilevile, sasa nimetosheka. Frigo yangu imefika bandarini. Mutakunywa soda baridi kama mawaziri. Lakini frigo inataka nafasi, na nafasi ni moja, ile ya Bibi. Nimemuuza. Mutu wa Uvira anakuja kumubeba na kamioneti leo hii, saa yoyote."

Masikio ya Massoudi yalianza kujongea. Gélase alishika tai yake.

"Mzee," alisema Nsimire, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali, "kwa nini Bibi?"

"Unaniuliza mi? Si ni nyinyi? Batatu munamuweka nyuma kila Jumamosi. Atumani tu njo anamuhurumia kidogo. Mi sichezi flipa, mi nasikiliza wateja."

 Nsimire alimtazama Bibi pale karibu na beseni, nusu tabasamu lake likimwangalia, na akajua kwamba aliyemuuza ni yeye, kwa mdomo wake, kwa maringo yake ya kutokisiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria ilisema nyamaza. Akinyamaza, kesho pale patasimama friji, na adhuhuri yake itakuwa ya kukaa juani na kuhesabu nzi. Hapana. Alisimama.

"Mzee Shaabani, mi niliongopa."

"Yaya, usiseme!" Massoudi alimdaka mkono. "Sheria! Siri haifumbuliwi!"

"Sheria ikae kule! Bibi njo wangu wa kwanza. Wa kwanza kabisa, tangu siku nilifika mu muji huu. Naye nikamutupa nyuma kila Jumamosi sababu ya soda. Sasa chekeni."

Akangoja kicheko. Hakikuja. Massoudi alikuwa amemwachia mkono, na masikio yake yalikuwa yakijongea kuliko siku zote.

"Nawe pia?" alisema Massoudi.

"Nawe nini?"

"Yaya, mikono yangu hii imezoea spana. Malkia nikimugusa ananuna. Sarakasi inanuna. Bibi tu njo ananivumilia. Mi nakuja asubuhi mapema, kabla ya kufungua garage, mzee yuko nyuma anakaanga sambusa."

"Ah non," alisema Gélase. Alikuwa ameifungua tai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Non, non, non. Mi nakuja jioni, nikitoka kazi, mzee akiwa mu swala. Ile kikohozi yake... ni kama anasema pole. Mu bureau hakuna mutu anasema pole."

Ungeona vurugu iliyofuata! Walipigiana kelele kama wauza samaki. "Si ulisema kikohozi!" "Nawe ulisema ukuta!" "Derrière, ulisema derrière!" Walikuwa wakicheka na kugombana kwa pumzi moja, maana kila mmoja alikuwa amechimba shimo lile lile kwenye uwanja ule ule, akajidhani peke yake ndiye mwenye jembe. Nsimire, msoma nyuso, alikuwa amekaa na watu wawili wenye ugonjwa wake mwenyewe asiuone. Atumani tu hakupiga kelele. Alisimama karibu na mlango akiwatazama, unga kwenye nyusi.

"Mzee, basi umusikie mteja wako!" Massoudi alimlilia Shaabani. "Rudisha neno!"

"Neno halirudi kama gololi," alisema Shaabani, ingawa uso wake sasa ulikuwa na wasiwasi. "Nimemuambia mutu mashini moja iko yake. Amenipa mukono. Ningejuaje? Mi naona midomo, sioni mioyo."

Kule nje kamioneti ikapiga honi.

Aliyeingia alikuwa mtu mpana, kofia kichwani, kiatu kinang'aa. Jina lake Birindwa, naye pia mwenyeji wa Bukavu, aliyefungua mahali pa kunywea soda na bia kule Uvira, ng'ambo ya mpaka. Kumbe alikuwa ametangulia kushuka, akasimama mlangoni kabla dereva wake hajapiga honi, kwa sababu neno lake la kwanza lilikuwa:

"Nasikia batu banalilia mashini yangu. Ni nzuri hivyo?"

"Apana, bwana mukubwa!" Massoudi aliruka mbele. "Nzuri wapi? Takataka! Kengele imeharibika, gololi zinakwama, rangi imetoka, ata watoto—"

Birindwa alitabasamu. Alitabasamu tabasamu pana, polepole, akasugua viganja, na Nsimire akalitambua mara moja. Aliliona kila siku mezani pake. Sokoni hata mtoto anajua: anayekiponda kitu anakitaka, na anayekisifu anataka kimwondokee. Massoudi, fundi wa watu, alikuwa akimuuza Bibi mara ya pili. Nsimire alimkanyaga kidole gumba kwa kisigino. Massoudi akanyamaza na machozi yakimlengalenga.

Kwa mara ya kwanza maishani Nsimire aliona kwamba hahitaji uongo hata mmoja. Alihitaji kweli yote, ila aiimbe kwa ile sauti anayouzia kitenge kilichochuja.

"Ndugu yangu wa Bukavu!" aliita, mikono juu. "Karibu! Umepata bahati! Ile ni mashini ya kwanza mu Bujumbura yote! Hainuni! Isukume, ipige, haina kinyongo! Mi nilifika hapa sijui mutu, njo yeye alinichekesha. Sisi bote tunamupenda, unaona? Bote! Ukimubeba, tutalia!"

"Tutalia, monsieur!" Gélase alidakia. Karani alikuwa na akili nyepesi kuliko alivyoonekana. "Kengele yake ni dawa! Mi, nikitoka kazi, ananiambia pole!"

Massoudi hakuelewa lolote, lakini alielewa kwamba sasa inaruhusiwa. Alimwendea Bibi, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Hakuwa akiigiza. Hakuna aliyekuwa akiigiza. Nsimire mwenyewe alisikia machozi ya kweli yakimteremka, akayaacha yateremke huku jicho moja likimchunga mnunuzi.

Tabasamu la Birindwa lilikuwa linasinyaa. Alirudi hatua nyuma. Aliitazama ile rangi iliyobanduka, akalitazama lile jitu la kucha nyeusi linalokumbatia kabati bovu, akamtazama Nsimire.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Mama, mi nawe twatoka mulima moja. Usinifanye mutoto. Munataka niondoke na hii maiti, nyinyi mubaki na kitu kizuri, njo munacheza teatre." Akageuka kuitazama Malkia, akaitazama Sarakasi. "Mzee, tulisema mashini moja. Jina lake mi sikulisema, ulilisema we. Naweza kuchagua?"

Shaabani aliwatazama wateja wake watatu, machozi yao, na sarafu zao za asubuhi, adhuhuri na jioni. Mfanyabiashara hafundishwi mara mbili. "Chagua," alisema.

Nsimire alijongea hatua moja karibu na Bibi. Bado kidogo! Lakini Birindwa hakuwa mjinga. Alikuwa amemwona mtu wa nne, yule aliyekaa kimya karibu na mlango.

"We," alimwambia Atumani. "Hujalia, hujaimba. Kwako wewe, ipi ya kwanza?"

 Nsimire alimkazia Atumani macho. Akisema Bibi, itakuwaje? Huenda mnunuzi ataamini, maana kauli ya mpole ina uzito. Atumani alimtazama Bibi. Alimtazama Nsimire na machozi yake. Kisha akageuza uso.

"Treni," alisema.

"Sababu?"

"Mi sijaona treni. Gololi ikipita mu lile shimo, filimbi inalia, na mi naona niko dirishani, batu banapunga mikono, niko naondoka."

Nsimire nusura apige kigelegele. Lo, mtu huyu! Amemtegea chambo, tena kwa ile ile hadithi yake ya Jumamosi, bila kope kutikisika! Alimwona Birindwa akimchungulia mwoka mikate usoni kwa muda, kama mtu anayepima unga kwa kiganja.

"Uyu," alisema Birindwa, "uyu hajui kuongopa. Mzee, naongeza gunia la ndagala, unipe Treni."

"Gunia la dagaa limejaa?"

"Limejaa na kushindiliwa."

Wakapeana mikono. Mambo yakaenda haraka, kwa kuwa hakuna aliyetaka mnunuzi afikiri tena. Massoudi alishika upande mmoja wa Treni na dereva upande mwingine. Gélase akafungua mlango wote. Atumani akavua shati lake, akakifunika kioo ili kisipasuke njiani, akalifunga vizuri kwa mikono ya shati. Kamioneti ikaunguruma, ikapita kwenye madimbwi ya mtaa, ikakata kona kuelekea njia ya mpakani.

Ndipo walipolipuka! Massoudi alimbeba Gélase mabegani, na tai ikapepea kama bendera. Watoto wakaja mbio bila kujua kuna nini, wakacheza tu. Shaabani akagawa sambusa bure, jambo la kuandikwa. "Nafasi ya frigo iko pale Treni ilitoka!" alikuwa akisema. "Bibi abaki na beseni lake!" Nsimire alitia sarafu ya kwanza, akavuta kijiti, na Bibi akakohoa. Akakohoa tena. Nsimire akampiga kumbo la furaha, taa hazikuzimika, gololi ikarudi, ikapanda, ikarudi, na wote watatu wakapiga kelele kila iliporudi, sasa bila kujificha. Hakuwahi kucheza vile. Alijisikia kama amerudishiwa nyumba.

Gololi ilipoingia shimoni mwishowe, alimwachia Massoudi zamu, akageuka akimtafuta yule bingwa. Atumani alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa duka, kifua wazi, mbele ya pale mahali patupu ambapo sakafu ilikuwa na rangi tofauti.

"Atumani!" alimwita huku akicheka, akaja akampiga begani. "We bwana we ni fundi! Njo leo nimekuamini. Ulimutupia Treni kama mutu anatupia mbwa mufupa. Uongo mutamu kabisa! Sema, Bibi njo wako pia?"

"Apana, yaya," alisema Atumani. "Mi sikuongopa."

Nsimire aliendelea kucheka kidogo, akidhani ni mchezo. Akausoma uso wake jinsi asomavyo nyuso, masikio, kope, kona za mdomo, akitafuta palipofichwa kitu. Hapakuwa na kitu kilichofichwa. Hapakuwa nacho hata Jumamosi moja. Akaacha kucheka kwa aibu.

"Kila Jumamosi?" aliuliza.

"Kila Jumamosi. Nyinyi munanitafutia siri. Mi sina siri, yaya. Mi napenda Treni."

"Sasa kwa nini ulimuambia? Ungemutajia Malkia! Ungenyamaza!"

 Atumani alipitisha kiganja sakafuni, kwenye ule mraba uliobaki safi.

"Aliniuliza," alisema. "Na nilipomujibu, aliniamini. Ni yeye tu."

Nyuma yao Massoudi alikuwa akimwita yaya, yaya, njoo uone, na Bibi akikohoa bila kukoma. Nsimire hakugeuka. Alikunja kitenge chake, akakaa sakafuni kando ya Atumani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamwomba amsimulie hiyo safari ya Kigoma, tangu mwanzo, naye hakumkatiza hata mara moja.